Mtazamaji wa Kiwanja Kidogo

Watu wengi hudhani ya kuwa uwanja mzuri sharti uwe mkubwa. Tarehe 25 Julai 2021 Simba iliishinda Yanga bao 1 kwa 0 katika Uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma. Katika uwanja wa namna ile, aketiye mbali humjua mchezaji kwa jezi yake tu.

Lakini sisi tukaao Kalinzi twapenda zaidi viwanja vya mpira wa kikapu vya shule na vyuo. Mwalimu James Naismith aliutunga mchezo huo nchini Marekani mwaka 1891, ili wanafunzi wapate kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Hata leo kiwanja chake kamili ni mita 28 kwa 15 tu. Mtazamaji asimamaye kando huona jasho la wachezaji na kusikia pumzi zao.

Nao wachezaji humsikia yeye. Katika uwanja mkubwa tusi la mtu mmoja humezwa na kelele. Hapa humfikia mtoto aliyekosa kikapu, naye hulala nalo. Tumewaona watoto hodari walioacha kucheza kwa sababu ya kuchekwa.

Basi tukipima kiwanja, hatuanzi na sakafu ya saruji wala viti. Twatazama kwanza kama mtoto aliyekosa jana amerudi leo. Akiwa amerudi, watazamaji wa hapo ni watu wema, na kiwanja chao ni kizuri.