Barua kutoka Bunia: madabodi ya kununua

Mdogo wangu,

Dada yetu mzima, watoto wamerefuka, na mpwa wako, yule aliyekuwa akifungua redio za watu na kuzifunga tena, sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa na ndiye anayewaundia wenzake kompyuta za gemu. Anakusalimia sana wewe noko wake, yaani mjomba. Uliniuliza ununue madabodi gani ya daraja la juu kwa gemu na ovaklokingi, na niliahidi kukujibu nikirudi Kampala. Naona heri nikuandikie nikiwa hukuhuku, maana yaliyo mezani kwa huyu kijana sikuyapata kwenye kaunta ya duka letu.

Kwanza njia. Tulitoka Fort Portal hadi Ntoroko, tukavuka Ziwa Albert kwa boti mpaka Kasenyi, kisha gari likapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kupitia Bogoro. Ziwa liko kama mita 620 juu ya usawa wa bahari na Bunia inakaribia 1,280, kwa hiyo joto unaliacha chini pamoja na harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, na jioni unatafuta sweta. Saa unairudisha nyuma kwa saa moja. Vizuizi vya askari ni vingi. Jimbo hili la Ituri, hapa Kongo, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na watu wamezoea kupanga safari kwa kuulizana kwanza habari za barabara. Mizigo mingine huingia kwa upande wa Mahagi, na barabara ile nayo ina siku zake.

Nakueleza njia kwa sababu ndiyo inayoamua ununuzi. Madabodi ya mchezaji wa Bunia hutoka Dubai au Kampala, ikapita mikono mingi mpaka ifike. Ikifika ina kasoro, au ikifa baada ya miezi miwili, garanti yake iko ng'ambo ya ziwa. Mpwa wako ana kanuni moja, nami naikubali kabisa: bodi iliyo bora ni ile unayoweza kuifufua mwenyewe, usiku, bila kumpigia mtu simu. Bei ya juu ina maana ikiwa inanunua uwezo huo. Ikiwa inanunua taa za rangi, hela hizo afadhali umpe mama.

Tuanze na umeme. Mjini hapa unakuja na kukatika. Kituo cha Budana kwenye mto Shari kilijengwa zama za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu, na mji umekua mno tangu enzi hizo. Nyumba nyingi zina sola na betri, nyingine jenereta. Sasa chukua kompyuta yenye Core i9-14900K, prosesa inayoruhusiwa kiwandani kula wati 253 kabla hujaigusa. Volti zinazoingia ndani yake ni moja na ushee tu, kwa hiyo ampea zinakaribia 200. Kazi ya kushusha volti 12 za pawa saplai hadi hapo inafanywa na VRM, ile mitambo midogo iliyopangwa kuzunguka soketi chini ya mabamba ya alumini. Ukifanya ovaklokingi, yaani ukiisukuma prosesa ikimbie kuliko mwendo iliopangiwa, VRM ndiyo inayobeba mzigo. Kwa hiyo usihesabu idadi ya fezi za VRM tu kwenye boksi. Uliza kila fezi inabeba ampea ngapi, na uyapime mabamba kwa mkono yana uzito gani. Bunia hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na feni ileile inapoza pungufu kuliko ulivyozoea kuambiwa. Ongeza vumbi jekundu la Januari.

Lakini hatari kubwa zaidi niliyoiona hapa ni kusasisha BIOS. Unakumbuka shida ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizokuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole? Agosti 2024 Intel ilitoa rekebisho, na rekebisho lile hufika kwako kupitia BIOS mpya ya madabodi. AMD nao Aprili 2023 walikuwa na Ryzen 7000 zilizoungua kwenye soketi, ikabidi BIOS mpya zizuie volti za SoC zisipite 1.3. Kusasisha si jambo la hiari, basi. Faili lenyewe ni dogo, bando la simu linatosha. Tatizo ni zile dakika chache za kuandika: umeme ukikatika katikati, bodi ya kawaida inabaki kipande cha plastiki. Ndiyo maana mpwa wako hanunui bodi isiyo na kitufe cha kupakia BIOS kutoka kwenye flashi, kile kinachofanya kazi hata prosesa na RAM zikiwa hazijafungwa. Akipata yenye chipu mbili za BIOS, anaongeza dola bila kulalamika.

Kitu cha pili anachokitaka ni kioo kidogo cha tarakimu mbili pembeni mwa bodi. Nilikuwepo walipowasha mashine mpya ya AM5, soketi ya AMD. Skrini nyeusi, dakika inapita, mwenye kompyuta ameshika kichwa na mkono wake unaelekea swichi. Mpwa wako akamzuia: "Acha, angalia namba, zinabadilika." Bodi ilikuwa ikijifunza RAM yake, jambo ambalo mifumo ya DDR5 hulifanya mara ya kwanza na huchukua muda. Bila kile kioo wangezima na kuwasha mpaka usiku, na huenda wangeamini wameuziwa takataka.

Sasa upande wako, maana nakujua unatamani Apex. ROG Maximus Z790 Apex ina nafasi mbili tu za RAM kwa makusudi, ili njia za umeme ziwe fupi na RAM ikimbie sana. Mwaka 2024, kwenye toleo lake la Encore, prosesa ya 14900KS ilifikishwa zaidi ya gigahezi 9.1 kwa kupozwa na heliamu ya kimiminika. Ni kazi ya ajabu na naiheshimu. Wewe hata hivyo unacheza gemu, hugombei rekodi. Ryzen 7 7800X3D ina kashe ya L3 ya megabaiti 96, na kashe hiyo ndiyo inayokupa fremu. Kizidishio chake kimefungwa, na haili umeme mwingi. Ukiiweka kwenye MSI Godlike ya zaidi ya dola 1,000, hupati fremu nyingi zaidi za maana kuliko kwenye bodi ya B650 iliyotengenezwa vizuri. Ukichukua 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024 ikiwa imefunguliwa, hapo una cha kuchezea. Hata hivyo vijana wa hapa wanapenda zaidi kushusha volti kwa Curve Optimizer: prosesa inapoa, mwendo unapanda wenyewe, betri za sola zinadumu. Mimi naita hiyo ovaklokingi ya watu wenye akili. Nunua RAM vipande viwili vya 6000; ukijaza vinne, Ryzen 7000 rasmi inashuka hadi 3600.

Jambo moja lilinikalia moyoni. Soketi ya AM5 ina pini 1,718 zilizopakwa dhahabu. Mongbwalu, ambako watu wanachimba dhahabu kwa koleo na karai, si mbali na hapa. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka kampuni zilizo kwenye soko lao la hisa zitangaze kama dhahabu, bati, tantali na tangsteni yao imetoka Kongo au kwa majirani zake. Dhahabu inavuka mpaka kimyakimya, kisha inarudi juu ya bodi ambayo kijana wa Bunia anailipia mara mbili ya bei ya Dubai. Naona ni dhuluma, na bodi hizi zikiwekewa garanti inayofika hadi Bunia itakuwa mwanzo mdogo wa haki.

Kwako Mwanza umeme ni afadhali, ila ziwa lenu lina radi. Tafuta B650E au X870 ya kiwango cha Tomahawk au Strix, hakikisha kitufe cha flashi kipo, na ukitumia inverta iwe ya wimbi safi, maana baadhi ya pawa saplai za kisasa huzikataa zile za wimbi la ngazi. Kama bado una ile 13600K, usihame soketi; niambie namba ya bodi yako nikutafutie BIOS yake kwanza. Usitume pesa kabla sijakujibu.

Dada yako