Pumzi na Petroli

Injini huishi kwa vitu viwili, hewa na petroli, na siha yake hutegemea uwiano wa viwili hivyo. Uwiano kamili, ambao moto huteketeza vyote bila ya baki, ni uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa petroli. Injini ya kawaida huvuta pumzi yake yenyewe. Tabo huiondolea kazi hiyo: ni feni iendeshwayo na moshi wa ekzosi, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingaliweza kuivuta. Nguvu huzidi, walakini aliyepewa pumzi ya wawili hana budi apewe na chakula cha wawili.

Watengenezaji wa pikipiki walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1982 Honda walitoa CX500 Turbo, iliyolishwa kwa nozeli, na Yamaha wakatoa XJ650 Turbo, iliyoshikilia kabureta. Suzuki na Kawasaki wakafuata. Kabla ya mwongo ule kwisha wote wanne walikuwa wameuacha mtindo huo, na kazi ikabaki kwa mafundi wa gereji na vijana wasiotosheka.

Mpwa wangu ni mmoja wa vijana hao. Akaa Uingereza, naye amefunga tabo katika Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,299, pikipiki ambayo hata bila ya tabo hupita kilomita 300 kwa saa. Jina lake kwa Kijapani ni la kozi, na sijaona chombo cha chuma kilichostahili jina lake zaidi. Dada yangu, mama yake kijana, aliposikia kuwa nafunga safari, alinituma neno moja: nimwambie mtoto aiuze. Nilikwenda na ujumbe huo, na kwa siku tatu sikuutoa, maana nilitaka kwanza kukijua kitu nitakachokikataza.

Nilimwuliza kwa nini asiweke nozeli nne kubwa mahali pa zile ndogo za kiwandani. Alinijibu, "Mjomba, kwa bakuli hupimi dawa ya mtoto mchanga." Naam, injini ikiwa katika mwendo wa polepole, nozeli hufunguka kwa kitambo kidogo mno, na nozeli kubwa haiwezi kutoa kidogo kwa uaminifu. Kwa upande wa pili, injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, duru nzima ya kazi yake huchukua sehemu 12 tu za elfu moja za sekunde, na nozeli ndogo haipati nafasi ya kutoa kingi. Ndogo haina muda. Kubwa haina adabu. Ndipo zikaongezwa nozeli nne za pili, katika sanduku la hewa juu ya milango ya resi, zikingoja kimya mpaka kompyuta yao ndogo ihisi msukumo wa tabo.

Zianze lini? Hapo ndipo penye kazi. Mwanzo zilipangiwa kufunguka msukumo ufikapo 0.2 ya angahewa juu ya hewa ya kawaida. Tuliifunga pikipiki juu ya rola za kupimia, na sensa ya ekzosi ikatuonyesha uwiano. Chini ya tabo hutakiwa 11.5 au 12, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza chumba cha moto. Lakini pale nozeli za pili zilipoanza, hesabu iliruka hadi 13.6 kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikashuka 11.7. Mwenye rola alisema kupepesa si kitu. Mpwa wangu alikataa. Matone ya kwanza, alisema, hulowesha kuta za njia, na hewa hufika mbele ya petroli. Injini ikigonga katika dakika hiyo, pistoni ya alumini, iyeyukayo kwa joto la 660, imesimama mbele ya moto uzidio 2,000. Pistoni ikishika, gurudumu la nyuma hukwama. Haya aliyasema bila ya kunitazama.

Akazipangia zianze kwa 0.1, matone machache tu ya kuilowesha njia mapema. Akabadili pia kibano cha kimpira kipelekacho msukumo wa tabo kwenye kirekebishi cha petroli, ingawa hakikuwa kikivuja. Mpira ule ukichomoka, petroli haipandi pamoja na hewa. Tulirudia mara saba, na rola hulipiwa kwa saa. Mara ya saba hesabu haikupita 12.

Usiku ule nilimpa ujumbe wa mama yake, bila ya kuupunguza. Alinyamaza, kisha akauliza kama mama angeridhika asiipande barabarani kabisa, ila katika uwanja wa mashindano, na msukumo aushushe kutoka 0.8 hadi 0.5 mpaka mwaka upite. Nikampigia dada yangu simu. Alizisikiliza hesabu zote hadi mwisho, asinikatize, ndipo akauliza breki zake zimekaguliwa na nani.