Milimita tisa: risasi iliyofukuzwa kazi kisha ikarudishwa

Leo naziacha seva na hifadhidata kando kidogo nizungumzie risasi za bastola. Msishtuke. Sina bastola, na kwa Sheria ya Silaha ya hapa Kenya, Sura ya 114, siwezi kuwa nayo bila leseni. Lakini mtu anayeandika programu hawezi kusoma historia ya kitu hiki bila kuiona kazi yake humo: viwango, majina yanayopotosha, matoleo mapya yasiyopatana na ya zamani, na maamuzi ya haraka yanayofuata maafa. Hilo la mwisho ndilo linalonikereketa siku hizi, na ndiko ninakoelekea.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kwa Kiswahili twasema "risasi" tukimaanisha kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Kitu kizima kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ndogo kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Bastola hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi husukuma kichwa kupitia mtutu. Ganda hubaki. Kumbukeni hilo la ganda, tutalirudia.

Majina na upatanifu

Milimita tisa ninayoizungumzia ni 9x19, aliyoibuni Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa miaka ya 1900. Jeshi la maji la Ujerumani liliichukua mwaka 1904 na la nchi kavu mwaka 1908. Leo ni kiwango cha NATO, na ndiyo risasi ya bastola iliyoenea kuliko zote duniani. Namba 9 ni upana wa kichwa na 19 ni urefu wa ganda, vyote kwa milimita. Safi kabisa.

Wamarekani nao wana .38 Special, ambayo kichwa chake kina upana wa inchi 0.357. Naam, jina linasema thelathini na nane na rula inakataa. Ni urithi wa risasi za zamani ambazo kichwa chake kilikuwa na upana sawa na ganda. Mfumo ulibadilika, jina likabaki. Nani kati yetu hana safu katika hifadhidata inayoitwa kitu ambacho haijawa kwa miaka kumi?

Miaka ya 1930 ikaja .357 Magnum, yenye upana uleule lakini nguvu nyingi zaidi. Hapa wahandisi walifanya jambo la busara: walirefusha ganda kama milimita tatu. Kwa hiyo risasi ya zamani inaingia katika rivolva mpya na kufyatuka salama, lakini risasi mpya haiingii katika rivolva ya zamani, ambayo ingeweza kupasuka mkononi mwa mtu. Hawakutegemea onyo kwenye kijitabu. Walilifanya kosa lisiwezekane.

Gereji ya Texas

Mengi ya haya nilifunzwa na binamu yangu anayeishi Texas, ambaye hujaza risasi zake mwenyewe katika gereji. Nilipomtembelea tulikesha humo jioni kadhaa. Huokota maganda yaliyotumika kwenye uwanja wa shabaha, huyasafisha, huyapitisha kwenye mashine ya mkono inayoyarudisha kwenye kipimo chake na kutoa fataki iliyokufa, kisha huweka fataki mpya, baruti iliyopimwa, na kichwa. Ganda moja hutumika mara nyingi. Anaokoa pesa kiasi, lakini naona kinachomfurahisha zaidi ni kuitengeneza risasi inayoipenda bastola yake.

Alinieleza kisa cha fataki kikanichekesha. Kuna aina mbili, zote za miaka ya 1860. Moja ilibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, nyingine na Mmarekani, Hiram Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo sindano huisukuma nje fataki iliyokufa kwa urahisi. La Berdan kwa kawaida lina matundu mawili pembeni, na kulijaza upya ni taabu. Sasa angalieni mambo ya dunia: Wamarekani wakashika ya Mwingereza, Ulaya ikashika ya Mmarekani. Ndiyo sababu moja kujaza risasi nyumbani kumestawi sana Marekani. Uamuzi mdogo kuhusu tundu uliamua desturi ya bara zima.

Kinachomtia hofu binamu ni kuweka baruti mara mbili katika ganda moja. Ganda la milimita tisa ni dogo na hufanya kazi kwa presha ya juu, mpaka kama megapaskali 241, wakati .45 ACP ya John Browning hufikia 145 tu. Kosa dogo hupandisha presha vibaya. Hofu yake ya pili ni kusahau baruti kabisa: fataki peke yake hukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata hupasua bastola. Basi yeye huchagua baruti nyepesi inayojaza ganda zaidi ya nusu. Ukiiweka mara mbili inamwagika mezani, unaiona. Ukisahau, ganda tupu linaonekana kwa tochi. "Sitegemei kichwa changu saa nne usiku," aliniambia. Mimi nami siandiki tena programu ya kupokea pesa bila kufikiria baruti ile inayomwagika.

(Hii si ruhusa ya kujaribu nyumbani.)

Miami, 1986

Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wanane wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, katika mtaa wa Miami. Mapema katika mapambano, risasi ya milimita tisa ya afisa Jerry Dove ilimpata Platt. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo. Jeraha lile lilikuwa la kumuua, lakini si mara moja. Platt aliendelea kupiga kwa bunduki yake ndefu. Dove na mwenzake Ben Grogan waliuawa, na maafisa wengine watano walijeruhiwa kabla ya majambazi wote wawili kuuawa.

FBI walitafuta mkosaji, na lawama kubwa ikaiangukia risasi ile. Walihamia milimita kumi, yenye nguvu zaidi. Ilirusha mkono vibaya na bastola yake ilikuwa kubwa, wakaipunguzia baruti. Watengenezaji wakaona kwamba baruti ikipungua, ganda refu halina kazi. Wakalikata, na Januari 1990 ikazaliwa.40 S&W. Polisi wengi wa Marekani wakaifuata, na FBI wenyewe wakaichukua mwaka 1997.

Kisha mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI iliandika kwamba milimita tisa irudi. Vichwa vya kisasa vinavyotanuka vilikuwa vimefuta tofauti kati yake na zile kubwa. Inarusha mkono kidogo, maafisa wengi huipiga kwa haraka na usahihi zaidi, na magazini hubeba nyingi: Glock 17 ya milimita tisa hubeba 17, Glock 22 ya .40 hubeba 15. Tena waraka huo ulisema kwamba katika mapambano ya kweli polisi hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga. Nguvu ya risasi inayopita kando ni sifuri. Mwaka 2016 FBI walitoa mkataba wa bastola mpya za milimita tisa.

Je, miaka 28 ilipotea bure? Hapana. Baada ya Miami, FBI waliandika pia jaribio: kichwa kipigwe katika jeli maalumu, wazi na kupitia vizuizi kama nguo nzito, mbao na kioo cha gari, nacho kipenye kati ya inchi 12 na 18. Yoyote atakayefaulu, karibu. Milimita tisa iliboreshwa kwa kufukuzana na jaribio hilo. Suluhisho la kwanza lilistaafu. Jaribio lipo hadi leo.

Kwa nini nawaambia haya

Usiku mmoja mwezi uliopita mfumo wa mteja wetu mmoja ulilala saa sita nzima, na mishahara ya watu ikachelewa. Kuna walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, kwa hiyo hasira ni halali. Sasa wakubwa wanataka tuitupe hifadhidata yote tununue nyingine "kubwa zaidi". Mkutano ni Jumatatu. Vijana wawili katika timu yangu wanajua mfumo huu peke yao, na ukitupwa nao hawana kazi.

Sitasimama kuitetea hifadhidata yetu. Huenda kweli haitoshi. Nitaomba tu kwamba kabla ya kununua chochote tuandike ukurasa mmoja: mzigo kiasi gani, umeme ukikatika mara ngapi, irudi kwa dakika ngapi. Kisha tuipime ya zamani na mpya kwa ukurasa huohuo, mbele ya mteja. Ya zamani ikianguka, nitaizika mwenyewe. Na wale vijana wawili ndio nitakaowapa kalamu ya kuuandika, maana wao ndio waliokuwa macho usiku ule.