Ordinateri Inayojizima na Kujiwasha Yenyewe

Wengi wenu mmetuuliza sokoni habari za ile ordinateri ya michezo, ile iliyopata kadi mpya kwa pesa za likelemba. Tunawaeleza hapa namna tulivyoifuatilia, kwa sababu katika parseli nyingi za Lubumbashi kuna kijana mwenye mashine ya namna hiyo, na kitu kikiharibika ni mama anayeombwa pesa.

Zamu ilikuwa ya mama mjane wa kikundi chetu, yule anayeuza mikate asubuhi. Mwana wake mkubwa amefanya chumba cha mbele kuwa mahali pa kuchezea. Vijana wa mtaa wanakuja jioni, wanalipa kwa kila mechi ya mpira, na pesa hizo ndizo zinazolipa minervali ya wadogo wake wawili. Michezo mipya ilikuwa inakwamakwama, wateja wakaanza kuhamia kwingine. Tukakubaliana atoe kadi ya grafiki ya zamani, GTX 1050 Ti, na kununua RTX 3060 iliyokwisha kutumika. Fundi akaifunga. Picha zikawa nzuri kweli, hata sisi tusiojua mpira tulisimama mlangoni kutazama.

Siku ya pili mashine ikazima katikati ya mechi, ikajiwasha yenyewe. Hakuna onyo, hakuna maandishi ya kosa, kioo cheusi tu. Jioni ile ikafanya hivyo mara tatu. Wachezaji wakadai pesa zao. Jirani akaanza kuongea mambo ya kijicho. Fundi akasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine, na kwa bahati anayo moja ya kuuza. Ndani ya kikundi pia maneno yakawa makali: wengine walitaka ordinateri nzima iuzwe haraka ili likelemba isianguke, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa ya mama mwenye mimba ya miezi minane, na pesa ile ilikuwa ya kujifungulia.

Tukasema: hakuna kununua wala kuuza kwanza. Mtoto akiwa na homa tunauliza imeanza saa ngapi, amekula nini, inapanda usiku au mchana. Tukampa kijana daftari. Kila mashine inapojizima aandike saa, na kitu kilichokuwa kinafanyika. Baada ya siku nne daftari lilikuwa na mistari kumi na moja, yote wakati wa mechi. Akitazama filamu au kusikiliza muziki, hata saa tano mfululizo, mashine inatulia.

Kwetu kitu chochote kikizima tunalaumu umeme wa mtaa, na mara nyingi tuna haki. Jioni majiko yakiwashwa taa zinafifia. Kwa hiyo tuliweka taa kwenye ralonji ileile ya ordinateri, mama mmoja akakaa anaitazama. Mashine ikazima, taa haikutikisika. Umeme wa mtaa ukatoka kwenye mashtaka.

Joto nalo tulilipima. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inapunguza mwendo, na ikizidi inazima mashine ili isiungue. Kijana alifungua ubavu wa sanduku, akapangusa vumbi, akasoma joto kwa programu: halikufika hata digrii 80. Memoria akaipima usiku kwa kipimo kilichomo ndani ya Windows, hakuna kosa. Kisha akatuonyesha kwenye kumbukumbu za Windows mstari wa Kernel-Power wenye namba 41, akifikiri ameupata ugonjwa. Mstari huo unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ni kama kuambiwa mtu ameanguka, kilichomwangusha hakijatajwa.

Aliporudisha kadi ya zamani, siku mbili zilipita bila tatizo. Fundi akafurahi: «Si niliwaambia?» Lakini hapo kuna mashtaka mawili, si moja. Ama kadi mpya ni mbovu, ama inakula kuliko kinachopikwa. Tukamtuma kijana na kadi yake kwa rafiki mwenye mashine yenye nguvu zaidi. Wakacheza saa tatu. Haikuzima hata mara moja.

Basi tukageukia kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine, kile vijana wanakiita alimantasio. Kwa nje kimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Ubavuni kuna jedwali dogo, na hilo ndilo la kusoma. Kwenye mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha kadi na prosesa, kimeandikwa ampere 18. Zidisha 18 kwa 12, unapata wati 216. Kadi ya zamani ilikuwa inaomba wati 75. Mpya inaomba 170, na kwa vipindi vidogo sana inaruka juu ya hapo. Prosesa yake inaomba 65 au zaidi ikikazana. Hesabu hiyo mama yeyote wa soko anaifanya bila karatasi. Kisanduku kikizidiwa kinajifunga kujilinda, na mashine inaanza upya. Wenye kutengeneza kadi hiyo wanashauri kisanduku cha wati 550, na cha kweli, si cha gunia lililoandikwa kilo 25 huku ndani mna 20. Tena tulikuta fundi ameilisha kadi kwa waya wa kuungia uliotoka kwenye plagi za diski za zamani. Hatukumwita tena.

Kijana aliuza kadi ya zamani, mama akaongeza kutoka pesa za mikate, wakanunua kisanduku cha wati 650 chenye waya wake wa kadi. Mpaka leo ni wiki tatu, na daftari lina mstari mmoja tu: Jumanne, mtaa mzima ulipokosa umeme.

Kisanduku cha zamani mdogo wake alitaka kukifungua aone ndani. Tumemnyang'anya. Ndani yake mna vitu vinavyotunza umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na vinaweza kumpiga mtoto vibaya. Wamama, msiache vikae ovyo chini ya vitanda.

Likelemba ilitoka siku yake. Mtoto ni wa kike, na mama yake anawasalimu.