Toa Watu, Acha Ndege

Ukiishi Mamboleo unajifunza kulala na malori. Yanatoka Kisumu mjini, yanabadilisha gia, halafu yanaanza kupanda kuelekea Kiboswa yakikohoa kama wazee wenye pumu. Siku ya mechi, uwanja wa Jomo Kenyatta unaongeza vuvuzela zake. Kwa hivyo mtu akikuambia atakulipa urekodi sauti za msitu, hujiulizi mara mbili. Barabara ya kaskazini iko hapo mlangoni. Kabla ya kufika Mbale ushavuka Ikweta, na mbele yako kuna Kakamega, kisha Kitale.

Mteja wangu alikuwa na programu ya simu inayosaidia watu kulala. Alitaka msitu wa alfajiri na kinamasi. Sharti lake lilikuwa moja: kusisikike binadamu. Hakuna pikipiki, hakuna ng'ombe, hakuna kanisa. Sauti iwe safi, akaandika, kana kwamba watu ni uchafu.

Msitu wa Kakamega ndio kipande kikubwa pekee kilichobaki Kenya cha ule msitu wa mvua wa Kongo. Ndege wake wanapita aina 300. Lakini anayeamsha wengine si ndege. Ni mbega. Dume mmoja ananguruma gizani, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka, na mwingine anamjibu kutoka bonde la pili. Sauti nzito haimezwi haraka na majani, na saa hiyo upepo umelala, ndiyo maana mbega mmoja anaweza kusikika zaidi ya kilomita moja. Jua likichomoza wanaingia turako, ndege wakubwa wa bluu ambao mlio wao unabingirika kama ngoma iliyoangushwa mlimani. Hondohondo yeye hahitaji hata kufungua mdomo. Hewa inapita kati ya manyoya ya mabawa yake ikivuma, unamsikia kabla hujamwona.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba sheria pia inasikika. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya KWS. Huko kuokota kuni au kulisha ng'ombe ni makosa, na kwenye rekodi zangu za Buyangu kuna dakika nyingi za ndege na nyenje tu. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya idara ya misitu, KFS, ambayo huwaruhusu majirani kuingia kwa kulipia, wakaokota kuni kavu na kulisha mifugo. Huko kengele ya ng'ombe inaingia katikati ya wimbo wa ndege. Akina mama wanapita na mizigo ya kuni kichwani, wanaongea juu ya bei ya sukari, mmoja anacheka, kima juu ya mti anapiga kelele ya onyo. Ni msitu uleule. Ukifumba macho unaweza kujua uko mikononi mwa nani.

Jumamosi moja, nikiwa Isecheno, ngoma zilianza mbali, upande wa Shinyalu. Isukuti. Kulikuwa na mazishi. Zilipiga mpaka jua likawa kali, na kwenye skrini ya kompyuta zinaonekana kama ukuta mweusi chini ya mistari myembamba ya ndege. Kwa kipimo cha mteja, saa zote hizo ni takataka. Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sasa nani aliye hatarini kati ya ndege na ngoma? Na nani alisema lazima tuchague?

Nilipanda matatu hadi Kitale, nikaenda Saiwa. Hii ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita 3 za mraba, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi. Gari haliingii, unatembea. Unapanda jukwaa la mbao, unakaa kimya, unangoja. Nzohe anapita kwenye mafunjo bila sauti, wayo wake mrefu unamshika juu ya tope. Kinachosikika ni vyura, na trekta. Mashamba ya Trans Nzoia yamekaribia mbuga kila upande. Ukitaka kufuta trekta, utabaki na kinamasi ambacho hakipo popote Kenya.

Watu wamekuwa wakirekodi ndege wetu kwa muda mrefu. Myles North, afisa wa serikali ya kikoloni hapa Kenya, alirekodi milio ambayo Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitoa kwenye santuri mwaka 1958. Ni kazi ya heshima, na kila mpenda ndege ana deni kwake. Santuri ile ilikuwa ya ndege, kwa hivyo mtu ndani yake ni kelele. Miaka 62 baadaye KMRU, kijana wa Nairobi, alitoa albamu ya Peel, ambayo ndani yake sauti za mitaa na za mazingira zimechanganyika mpaka huwezi kuzitenganisha. Mimi nasimama karibu na huyu wa pili, ingawa anayenilipa anataka ya yule wa kwanza.

Niliuza saa ya Buyangu. Kodi lazima ilipwe, na saa ile haikuwa uongo. Buyangu ndivyo ilivyo. Za Isecheno nilikataa kuzisafisha, na sababu yake ni kasuku.

Kasuku wa kijivu, yule bingwa wa kuiga maneno, nchini Kenya makao yake yalikuwa msitu huu. Miti mikubwa ilikatwa, makinda yakachukuliwa kuuzwa, na leo ukimwona mmoja umebahatika sana. Mimi sikumwona wala kumsikia. Nilimuuliza mzee aliyekuwa ananiongoza kama aliwahi kuwasikia.

“Mwanangu, hao walikuwa wanapita juu ya boma letu jioni,” akasema. “Walikuwa wanapiga hivi.”

Akaweka fimbo chini, akakunja midomo, akapiga mbinja. Mbili kali zinazopanda, kisha mlio wa kukwaruza kooni, kisha mbinja tena. Maikrofoni ilikuwa wazi. Ni sekunde kumi na moja, na nyuma yake kuna ng'ombe.

Hiyo ndiyo sauti pekee ya kasuku wa Kakamega niliyonayo, na imetoka kinywani mwa mtu. Ukitoa watu, ndege huyu anatoka nao.

Nilimchezea mzee rekodi yake kwenye vipokea sauti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaniomba nirudie, halafu akatoa simu yake mfukoni.

“Nitumie hapa,” akasema. “Wajukuu wangu wanadhani kasuku ni daftari.”