Simu Ikiita, Utashika?

Wasee, wiki mbili zilizopita nilirudia muvi iliyoninyima usingizi nikiwa darasa la tatu. Phone Booth. Ile ya jamaa amekwama kwa kibanda cha simu, kuna mtu mahali amemlenga na bunduki, na akikata simu anakufa. Kama hujaiona, enda uicheki kwanza halafu urudi, kwa sababu hapa nitaharibu mwisho wote na sitaomba msamaha.

Mara ya kwanza niliiona Nakuru, Kaptembwo, kwa kibanda cha muvi cha mabati. Kuingia ilikuwa shilingi 10, au 5 kama wewe ni mdogo na mwenye kibanda anamjua mamako. Kawaida tulikuwa tunaenda kuona za DJ Afro, maana DJ Afro akishika maiki hata adui wa muvi unaanza kumpenda. Siku hiyo dividii ya DJ Afro ilikuwa imekwaruzwa, ikakataa kusoma, tukawekewa hii. Kizungu kitupu, tena kile cha New York cha haraka haraka. Brathe yangu alikuwa darasa la saba, kwa hivyo akajiteua kuwa DJ Afro wangu. Shida ni kwamba yeye pia hakuwa anaelewa. Nilipomuuliza, "Huyo anaongea kwa simu ni nani?" alinyamaza kidogo, akafikiria, akasema, "Ni Mungu."

Na haki ya nani, ukiiangalia hivyo, muvi yote inaleta maana. Sauti haina uso. Inamjua jamaa kwa jina, inamjua bibi yake, inajua hadi mpango wa kando. Inamuona na yeye haioni. Inamwambia aungame. Mimi nilitoka pale nikijua kwamba Mungu ana namba yako na siku moja atapiga. Miezi mingi baadaye, simu ya mathe ikiita usiku, nilikuwa nafunika kichwa na blanketi.

Juzi ndio nikaiona nikielewa kila neno. Jamaa anaitwa Stu Shepard, ameigizwa na Colin Farrell. Kazi yake ni kuwatafutia watu umaarufu: anapigia gazeti hili anadanganya, anapigia lile anadanganya lingine, anaahidi huyu kitu ambacho hana, anaahidi yule kitu ambacho amemwahidi mwingine. Ana kijana anamfuata nyuma kama kivuli, hamlipi, anamlisha ahadi. Kila siku anaingia kwa kibanda fulani cha simu Manhattan, anatoa pete ya ndoa, anampigia msichana anayeitwa Pam. Mbona asitumie simu yake ya mkononi? Kwa sababu bibi yake, Kelly, anasoma bili. Halafu akimaliza, simu ya kibanda inaita. Anashika. Imeisha.

Sauti ni ya Kiefer Sutherland, na karibu muvi yote humwoni, unamsikia tu akiongea polepole kama mwalimu mwenye kiboko nyuma ya mgongo. Kuna mahali anakoki bunduki na sauti inapita kwa simu. Miaka yote hii na bado mwili wangu uliruka. Polisi anayejaribu kuelewa kinachoendelea ni Forest Whitaker, yule yule aliyekuja kuigiza Idi Amin na kushinda Oscar. Muvi yenyewe ni dakika 81 na walishuti sehemu kubwa kwa siku kama 10 hivi. Ilifaa itoke Novemba 2002, lakini Oktoba kulikuwa na watu wakipiga raia risasi wakiwa wamejificha, kule karibu na Washington, kwa hivyo ikasukumwa hadi Aprili 2003. Mwandishi, Larry Cohen, alikuwa amempelekea Alfred Hitchcock wazo la muvi ya ndani ya kibanda cha simu tangu miaka ya sitini. Wakakwama kwa swali moja: ni nini kitamzuia mtu asitoke? Hitchcock alikufa 1980 bila jibu. Jibu lilikuja baadaye sana: bunduki.

Mimi nadhani kuna jibu lingine, na ndilo lililonimaliza juzi. Stu hangeweza kutoka hata bila bunduki. Angalia zile dakika chache za mwanzo, kabla simu haijaita. Anatembea akiongea, simu moja inaingia nyingine inatoka, na ukisikiliza vizuri hakuna sentensi hata moja ya kweli. Kila uongo unashikilia mwingine. Akitoa mmoja, yote inaanguka. Nikiwa mdogo hiyo sehemu ilikuwa inanichosha, nilikuwa nasubiri risasi. Sasa hivi hiyo ndiyo sehemu sikuweza kuangalia. Nilisimamisha muvi nikaenda kuosha vyombo, na mimi sioshi vyombo.

Maana mnanijua. Mmeona ile video yangu nimeegemea gari nyeupe. Gari ni ya mteja wa kosha ya gari hapa mtaani, na kijana anayeosha alinipa dakika 5. Jaketi ya ngozi ni ya jirani. Ile "wiki yangu ya mitihani", niliyotengenezea video 4 mwaka huu? Sijafanya mtihani wowote. Niliacha chuo zaidi ya mwaka mmoja uliopita, mwaka wa pili, muhula wa pili. Hakuna drama, hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kwenda, na siku ikawa wiki.

Kuna kitu kingine kwa hii muvi ambacho sijasikia mtu akiongelea, na kinaniudhi. Mwanzoni kabisa, kabla ya kila kitu, mtu wa pizza anakuja kwa kibanda. Ametumwa alete, imelipiwa. Stu anamtukana, anamfukuza. Jamaa anaenda zake. Baadaye mwenye bunduki anampiga risasi mtu mwingine, watu wanadhani ni Stu, polisi wanajaa, kamera za televisheni zinajaa, Kelly anafika, Pam anafika. Stu analazimishwa kuungama mbele ya wote. Ni sini kali, Farrell analia na wewe unalia. Polisi wakivunja mlango wa chumba ambako simu ilikuwa inatoka, wanapata maiti na bunduki, wanadhani wamempata mwenyewe. Kumbe ni mtu wa pizza. Amechinjwa. Aliyemchinja yuko nje anatembea, na anakuja kumwaga Stu kwaheri akiwa amedungwa dawa hawezi hata kuongea.

Nikiwa mdogo nilishangilia, Stu amepona! Juzi nilikaa nikajiuliza, na huyo wa pizza? Muvi haimpi hata dakika moja. Hatujui kama alikuwa na watoto. Stu amekuwa mtu mpya, bibi yuko kando yake, sisi tumefurahi, na aliyelipa ni mtu aliyekuja na chakula. Wanaosema hii muvi inatufunza kusema ukweli waniambie, ukweli wa nani, na bei alilipa nani?

Hapo ndipo nilifikiria karo.

Mathe anauza mboga Nakuru. Sukuma, terere, managu wakati wa mvua. Baada ya mimi kuacha chuo aliendelea kutuma karo, mihula 2, jumla elfu 28, na mimi niliendelea kupokea. Nilikuwa najiambia nitarudi, kwa hivyo si wizi, ni kuchelewa. Elfu 19 ilinunua simu ninayoshutia. Taa ilikuwa 2,500. Hiyo nyingine ililiwa, sijui hata vipi. Kila Jumapili jioni ananipigia, na kila Jumapili jioni nampa jina la somo na jina la mwalimu. Kuna mwalimu mmoja nilimtunga mwenyewe, mathe anamchukia sana kwa sababu "ananinyima maksi". Huwa anamuombea abadilike.

Sasa skiza vile nilivyo. Nikaamua nimwambie. Na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata sijapanga maneno, ni kuweka simu kwa stendi na kuwasha taa. Nilikuwa nimeomba jirani simu yake ya kubonyeza nipige nayo, ili yangu ishike video. Nilikuwa nimeshapata kichwa cha video. Nilijipanga pale mbele, nikarekebisha kola, nikajiona kwa skrini nikiwa na uso wa mtu anayekaribia kulia. Uso mzuri sana. Ndio nikakumbuka kamera za televisheni barabarani, na umati nyuma ya utepe wa polisi, na Stu katikati. Yeye angalau aliwekewa umati. Mimi nilikuwa najiletea.

Nikazima taa. Nikarudishia jirani simu yake, akaniuliza kama haina chaji, nikasema iko sawa. Nikatoa yangu kwa stendi nikapiga nayo. Najua, hata hii mnayosoma ni kontenti. Lakini yeye ndiye alisikia kwanza, na nilipopiga hakukuwa na mtu mwingine.

Alishika mara moja. Nilisikia soko nyuma yake, mtu akiitisha mfuko wa plastiki. Nikamwambia yote bila kupumzika: kuacha, mihula 2, mwalimu hayuko, hajawahi kuwako. Alinyamaza muda mrefu hadi nikaangalia kama amekata. Dakika zilikuwa bado zinahesabu.

"Na ile pesa?"

"Nilinunua simu, mathe."

"Gani?"

"Ya kutengeneza zile video."

"Ndiyo hiyo unanipigia nayo?"

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo akakata.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Simu nimeitangaza, kuna msee wa Kahawa West anataka kunipa elfu 11, nitamtumia mathe hiyo kwanza halafu tuone. Kwa hivyo msishangae mkikosa video. Jumapili jioni nilikaa kitandani nikingoja, saa moja, saa mbili, saa tatu. Haikuita. Nimempigia mara 4 tangu siku hiyo. Imewashwa, inaita vizuri hadi mwisho, na hashiki.