Bima na Gunia la Mahindi

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye hupita baina ya mashamba ya mahindi. Mahindi hayo hupandwa mvua za masika zianzapo, yakavunwa mwisho wa mwaka. Aghalabu pato kubwa la mkulima wa huko huja mara moja tu, ilhali ugonjwa hauna msimu.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwajiriwa alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo: wa shilingi 100,000 aliyekatwa 1,700 kwa mwezi sasa akatwa 2,750. Asiye na ajira, aliyetozwa 500 kwa mwezi, aliwekewa kima cha chini cha 300. Kwa mkulima, hilo lilisikika kama nafuu.

Hata hivyo, kanuni zilimtaka alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kiwango chake kikikadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake. Waama, kulipa mara moja si kosa kwa mvunaji wa mara moja. Kosa ni wakati. Auguaye Juni, ghala likiwa tupu na pesa zimeishia kwenye mbolea, kwa kanuni hizo alitakiwa atoe si chini ya 3,600 kwanza ndipo atibiwe kwa bima.

Watetezi wa mpango huu husema mwenye nacho amchangie asiye nacho. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini Bungoma ina kumbukumbu zake. Juni 2013 serikali ilitangaza huduma za bure kwa wanaojifungua. Agosti mwaka uo huo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini humo. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Ahadi ilitangulia, vitanda vikabaki nyuma.

Neno "jamii" limo katika jina la mamlaka hiyo. Maana yake itatimia siku ambayo mkulima atalipa anapouza gunia lake, na akiugua Juni amkute daktari, dawa na kitanda. Ahadi ni deni, na deni hili halidaiwi mkulima.